Ekari Sita Kati ya Baraza na Bwawa

Kamati ya Kufyeka ya nyumba ya Threadgill ilikuwa na wajumbe watatu, na wote watatu walikuwa wenyeviti. Kikao cha kwanza kilifanyika jikoni, Jumapili baada ya ibada, kuku wa kukaanga akiwa bado mezani, maana katika Kaunti ya Tolliver hakuna jambo zito linaloamuliwa mbele ya sahani tupu.

Jambo lenyewe lilikuwa zito kweli. Shangazi Arletha alikuwa anakuja kutoka Detroit.

"Anakuja kutusalimia?" aliuliza Bibi Ozella, mama mwenye nyumba, akichagua paja.

"Anakuja kukagua, Mama," alijibu mwanawe Cleophus. Cleophus alikuwa dereva wa basi la shule, mtu mpana, mpole, mwenye udhaifu mmoja tu: injini. "Amenipigia asubuhi. Amesema Dorsey amemwambia tumeacha shamba la baba yake likawa msitu. Amesema atakuja Ijumaa ile ya baada ya Sikukuu ya Shukrani, siku ya sungura, akae barazani. Akiliona bwawa, tutaongea. Asipoliona, anaweka saini."

"Wifi yangu huyo," alisema Bibi Ozella. "Tangu aende Detroit hata sauti yake ina theluji."

Saini yenyewe ilikuwa hivi. Mzee wa ukoo alikufa akawaachia watoto wake wawili ekari arobaini bila kuzigawa: nusu ya Josephus, marehemu mume wa Bibi Ozella, na nusu ya Arletha. Nusu hizo hakuna aliyejua zinaanzia wapi. Dorsey, mtoto wa pekee wa Arletha, alikuwa amepata mnunuzi, kampuni ya wawindaji matajiri wa Birmingham ambayo tayari ilikuwa na ardhi ng'ambo ya kijito. Arletha akitaka kuuza fungu lake, mahakama ingeweza kuuza yote, pamoja na nyumba, pamoja na baraza, pamoja na jiko ambalo kamati ilikuwa imekaa mbele yake ikitafuna.

Vernell, mke wa Cleophus, alisimama akafungua pazia. Wote wakatazama nje. Kati ya baraza na bwawa kulikuwa na ekari sita, zamani shamba la pamba. Sasa zilikuwa miiba ya beri, vichaka, miche ya miti iliyopita kimo cha mtu, na nyasi zilizoota juu ya nyasi. Bwawa halikuonekana. Trekta la marehemu Josephus nalo lilikuwa humo ndani mahali fulani. Lilionekana kwa mara ya mwisho wakati wa ugonjwa wake.

Hakuna mtu katika nyumba hiyo aliyewahi kulionea aibu shamba hilo. Watu wa sungura hawaoni aibu kwa kichaka. Mwingine ana ng'ombe, mwingine ana duka, wao walikuwa na miiba, na ndani ya miiba kulikuwa na sungura, na kila mwaka siku ya sungura ukoo mzima ulikuja na mbwa wafupi wenye masikio ya kuburuza chini, ukasimama kimya ukisikiliza. Kuwinda sungura ni kazi ya masikio. Mbwa hulia ndani ya kichaka, wanaume husema "huyo ni Jaji" au "huyo ni Siagi, anaongopa", sungura huzunguka mzunguko mkubwa asioonekana na mtu, kisha hurudi palepale alipoamshwa. Hapo ndipo unamsubiri. Unamwona kwa kufumba na kufumbua, basi.

"Tufyeke," alisema Cleophus.

"Kwa kitu gani?" aliuliza Vernell.

Na hapo kamati ikavunjika vipande vitatu.

Bibi Ozella alitaka mbuzi. Mbuzi, alisema, hanywi mafuta, hapigi kelele, na ukichoka naye unamla. Vernell, mpishi wa shule, alitaka mashine ya kufyekea ya kuning'iniza begani, ili mtu akate njia pana kutoka barazani hadi bwawani na kuacha vichaka pande zote mbili. Cleophus alifuta vidole, akatoa mfukoni karatasi ya tangazo iliyokunjwa mara nyingi hadi ikawa laini kama leso, akaiweka katikati ya meza. Palikuwa na picha ya katapila dogo la njano. Mbele lilikuwa na ngoma ya chuma iliyojaa meno.

"Linasaga mti mzima," alisema kwa sauti ya mtu anayesoma Maandiko. "Unausukuma tu. Linautafuna kutoka juu hadi chini, unabaki chenga."

"Hiyo karatasi umekuwa nayo tangu lini?" aliuliza Vernell.

"Nimeiokota."

"Imepigwa pasi, Cleo."

Kura zilipigwa. Kila hoja ilipata kura moja. Ikaamuliwa kuanza na ile ya bei nafuu.

Mbuzi walitoka kwa Shemasi Hosea Crum, aliyewaleta kwa gari lake la mizigo na kuwaombea kwa kirefu kabla ya kufungua mlango wa nyuma. Walishuka kwa heshima. Wakatazama ekari sita za miiba na majani. Kisha wakageuka wote kwa pamoja na kwenda kula mawaridi ya Bibi Ozella.

"Wanaonja tu," alisema Shemasi. "Wataelekea porini wakishafungua tumbo."

Walipomaliza kufungua tumbo kwa mawaridi, waliendelea kulifungua kwa kamba ya kuanikia nguo, kofia ya kazini ya Cleophus, na ufagio. Bibi Ozella aliwatazama kutoka dirishani. Hakusema neno, maana hoja ilikuwa yake. Jioni alionekana akitoka na fimbo, akawaswaga kuelekea kwenye vichaka huku akiwaeleza kwa upole namna walivyomwaibisha mbele ya mkwe wake.

Jumatatu alfajiri Cleophus aliwasha basi, ambalo madereva wote wa kaunti hulala nalo nyumbani, akachukua watoto kituo baada ya kituo. Kulikuwa na kicheko huko nyuma kisicho cha kawaida kwa siku ya Jumatatu. Hakugeuka, dereva mzuri hageuki. Walipofika shuleni watoto walishuka kwa mstari, na mwisho wa mstari alishuka beberu, taratibu, akitafuna kitabu cha hesabu.

Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Alimtazama beberu akipita.

"Bwana Threadgill," alisema. "Huyu amesajiliwa darasa gani?"

Cleophus alivua kofia ili ajibu vizuri, akakumbuka kwamba haina tena upande wa mbele.

Mbuzi walirudishwa kwa Shemasi siku hiyohiyo, wakiwa wamenenepa.

Ikaja zamu ya Vernell. Alikodi mashine ya begani, akavaa miwani ya plastiki, mabuti ya mumewe na aproni ya jikoni juu ya koti, akaingia kazini. Ni haki kusema kwamba alifyeka vizuri. Alikata kwa mstari ulionyooka, akawa anaacha visiwa vya miiba alipoona mashimo ya sungura, na kila jioni baada ya kazi ya shule alisonga mbele. Tatizo lilikuwa kwamba kila jioni Cleophus naye alisimama barazani na kusema, "Kwa mwendo huu tutafika bwawani Pasaka," na siku moja Bibi Ozella akaongeza, "Pasaka ya mwaka gani?"

"Njooni basi mshike nyie," alisema Vernell.

Cleophus alishika. Alifyeka muda wa kutosha kuimba wimbo mmoja wa kanisani, kisha kisu kikakutana na waya wa uzio wa zamani uliolala ndani ya nyasi. Waya ulijizungusha kwenye mashine, mashine ikajizungusha kwenye mkanda, mkanda ukajizungusha kwa Cleophus, na wote watatu wakakaa chini ndani ya miiba ya beri. Vernell alimtoa miiba ya makalio kwa kibano cha nyusi, yeye amelala kifudifudi juu ya kochi, na Bibi Ozella akiwa ameshika taa na kutoa maelekezo.

"Umeona," alisema Cleophus, uso ndani ya mto wa kochi. "Mkono wa binadamu una mwisho wake."

Vernell aliweka kibano chini. Halafu akaenda chumbani, akarudi na bahasha ya pesa za jiko jipya. Jiko lao lilikuwa na mdomo mmoja tu unaowaka, na bahasha hiyo ilikuwa imekaa kwenye droo muda mrefu kuliko nguo zozote zilizokuwamo.

"Twende tukalione hilo katapila," alisema. "Ila na mimi nakuja."

Katika duka la kukodisha mitambo Cleophus aliingia kama mtu anayeingia kanisani akiwa amechelewa, kwa ncha za vidole. Alikuwa na sare yake ya udereva, kofia mpya na suruali iliyopigwa pasi. Kijana nyuma ya meza, jina lake Tatum limeshonwa kifuani, aliinua macho mara moja na kuyarudisha kwenye simu.

"Kazi ya kuosha mitambo tumeshapata mtu, mzee," alisema.

Cleophus aliigusa kofia yake mpya.

"Hatukuja kuosha, mwanangu," alisema Vernell. "Tumekuja kuchafua."

Tatum aliweka simu chini. Akawaonyesha kwanza mashine ya mapanga inayoburutwa nyuma ya trekta, nzuri kwa nyasi na miche midogo. Cleophus alisema wana trekta ila kwa sasa hawajui lilipo. Akawaonyesha dawa ya kuua magugu, galoni kwa galoni. Vernell aliuliza kama sungura akila majani yenye dawa hiyo, na wewe ukimla sungura, inakuwaje. Tatum alisema inategemea. Vernell akasema basi na iendelee kutegemea palepale kwenye rafu. Mwishowe wakafika uani nyuma, na hapo katapila lilikuwa limesimama, la njano, ngoma yake ya meno imeinuliwa kidogo, ikiwatazama.

"Naweza kukaa?" aliuliza Cleophus kwa sauti ndogo.

Alikaa. Injini haikuwa imewashwa, lakini Vernell alisikia waziwazi mngurumo ukitoka kooni kwa mumewe, mtu wa makamo, mzee wa kwaya.

"Lina nguvu kiasi gani?" alimuuliza Tatum.

"Hakuna linachoacha, mama."

"Hilo ndilo ninaloliogopa." Alimgeukia mumewe. "Cleo. Ukifika kwenye ile miiba ya kando ya kijito, unageuka. Umenisikia? Sungura wanalala humo."

"Nimesikia."

"Sema."

"Nikifika kwenye miiba ya kijito, nageuka."

"Inua mkono."

Aliinua mkono, Tatum akiwa shahidi. Bahasha ilifunguliwa, ikamwagwa juu ya meza. Katapila lilikuwa lao kwa wiki moja, ile ya likizo fupi ya shule.

Historia ya wiki hiyo haiwezi kuandikwa bila kuvua kofia. Cleophus aliamka kabla ya jogoo na kulala baada ya bundi. Miti iliyomkaidi baba yake ilipiga magoti mbele ya ngoma ile na kutawanyika. Chenga zilinyesha juu ya paa la nyumba. Bibi Ozella alihamishia kiti chake barazani, akajifunika blanketi na kuvaa vizibo vya masikio, akawa anapunga mkono kila katapila lilipopita mbele yake, kama mgeni rasmi kwenye gwaride. Siku ya tatu trekta la Josephus lilipatikana, kwa njia ya mlio. Cleophus alisaga gurudumu lake la nyuma kabla hajatambua ni nani.

"Samahani, Baba," alisema, akavua kofia, akalizunguka.

Watu walianza kusimamisha magari barabarani kutazama. Wengine walishuka na viti vya kukunja. Cleophus, ambaye maisha yake yote watu walikaa nyuma ya mgongo wake wakimtupia maganda, sasa alikuwa akitazamwa kwa mbele. Alianza kugeuza katapila kwa mtindo. Alianza kuinua ngoma na kuitua kwa mdundo.

Jumamosi alasiri alifika kwenye miiba ya kijito. Alisimama, na hilo ni lazima liandikwe. Injini ilinguruma papo hapo, mkono wake ukiwa tayari kugeuza. Nyuma yake ekari zote zilikuwa laini. Mbele yake kulikuwa na ukanda mmoja wa miiba, mchafu, uliochongoka huku na huku, kama kijana mmoja aliyekataa kutandika kitanda chake bwenini siku ya ukaguzi.

Shemasi Crum aliita kutoka barabarani, mikono mdomoni.

"Ndugu Threadgill, hapa pamekuwa uwanja wa gofu. Umebakiza hiyo ndevu tu."

Cleophus alinyoa ndevu.

Vernell alirudi kutoka mazoezi ya kwaya jua likizama. Alisimama barazani na mkoba wake. Bwawa lilionekana lote, hadi bata waliokuwa juu yake. Kijito kilionekana. Ng'ambo ya kijito msitu wa kampuni ulionekana, mweusi na mnene na wenye miiba chungu nzima. Na pale katikati, kwenye udongo uliotandazwa chenga kama ukumbi wa harusi, sungura walikuwa wakivuka kuelekea huko, mmoja mmoja, bila haraka, kama watu wanaohama nyumba mchana.

Hakupiga kelele. Cleophus alitamani angepiga.

"Cleo," alisema. "Sungura wetu watakaa wapi?"

"Watazoea."

"Watazoea nini, kulala kwenye zulia?"

"Shangazi ataliona bwawa, Vernell. Si ndicho alichotaka?"

Bibi Ozella alivua vizibo vya masikio. "Namjua wifi yangu tangu kabla wewe hujazaliwa," alisema. "Ataliona bwawa, atasema vizuri, halafu atasubiri kusikia mbwa. Na mbwa wakinyamaza siku ya sungura, kwenye shamba la baba yake, Dorsey hatahitaji hata kumkopesha kalamu."

Cleophus aliwafungua mbwa ajihakikishie. Jaji, mkubwa wao, alikwenda hadi katikati ya shamba na pua yake chini. Akanusa kulia. Akanusa kushoto. Kisha akakaa kitako na kumtazama bwana wake, na mtazamo huo Cleophus alilala nao usiku kucha.

Jumatatu Vernell alitangaza jikoni shuleni, na Jumatano kwenye ibada ya katikati ya wiki, kwamba mtu yeyote mwenye matawi, magogo au miiba aliyofyeka uani kwake, alete kwa Threadgill, apakue bure. Hakueleza zaidi. Katika kaunti ambayo jaa linatoza kila gari, tangazo hilo lilipokewa kwa shangwe kuliko mahubiri yenyewe.

Kufikia Jumamosi magari ya mizigo yalikuwa yamepanga foleni hadi barabara kuu. Watu wale waliokuja na viti kutazama uchafu ukiondoka sasa walikuja na uchafu wao. Vernell alisimama getini na mwiko wa jikoni.

"Sofa si tawi, Kaka Lemuel. Rudi nalo."

"Ni la mbao kwa ndani, dada."

"Na wewe ni mfupa kwa ndani, lakini sikuzikii hapa."

Ndani ya shamba Cleophus alijenga kwa amri za mkewe. Magogo mazito chini, yameachana, ili mnyama apite. Juu yake matawi, juu ya matawi miiba, na juu ya yote kitu chochote kibaya kwa macho. Malundo yaliota kutoka barazani hadi kijitoni, kila moja refu kuliko mtu, kama mji wa watu wasiojua kujenga. Jirani mmoja alisimama kwenye uzio muda mrefu.

"Nikuulize kitu, Cleophus," alisema. "Si ulilipia kuviondoa hivi?"

"Ndiyo."

"Na sasa unavirudisha."

"Hivi si vilevile," alisema Cleophus kwa heshima iliyobaki. "Vile vilikuwa vyetu."

Wakasubiri. Asubuhi na jioni Cleophus alizunguka malundo akitafuta kinyesi cha sungura, na alipopata punje moja aliileta jikoni kwenye kiganja kama pete ya uchumba. Vernell aliitazama.

"Ya mbuzi," alisema.

Ijumaa ikafika. Usiku kucha Vernell alikuwa amepika karamu ya ukoo mzima kwenye mdomo mmoja wa jiko, sukuma wiki, mkate wa mahindi, pai za viazi vitamu, sufuria moja ikipokezana na nyingine kama walinzi wa zamu. Uani kulikuwa na wajomba, binamu, wakwe, wote kwenye fulana za wawindaji za rangi ya chungwa, bunduki zimekunjwa katikati kwa usalama na kuning'inia mkononi, wakiangalia ekari sita na kujizuia kucheka kwa adabu.

Gari la Detroit liliingia. Dorsey alishuka kwanza, mwanaume mnene wa koti refu na viatu vinavyong'aa, folda kwapani. Akamfungulia mama yake mlango. Shangazi Arletha alikuwa mdogo kuliko sauti yake, na kofia ya manyoya na fimbo.

"Wifi," alisema Bibi Ozella. "Umezeeka."

"Nimekufuata wewe, wifi."

Walikumbatiana, na kila mmoja akamkagua mwenzake mgongoni kwa mikono kama amekonda. Kisha Shangazi Arletha akapanda barazani, akakaa kwenye kiti kilichokuwa cha baba yake, akatazama mbele.

"Bwawa naliona," alisema.

Cleophus alishusha pumzi.

"Na yale ni nini?"

"Malundo, Shangazi."

"Ya nini?"

"Mama, ni jaa," alisema Dorsey. "Nilikuambia. Wamegeuza shamba la babu kuwa jaa la kaunti."

Cleophus alivua kofia. Alikuwa ameandaa maelezo marefu, yenye utangulizi. Hayakuja. "Shangazi, nilikodi mashine nikafyeka kila kitu," alisema. "Vernell alinikataza, nikafyeka. Nilitaka ulione bwawa. Sungura wakahama. Ndiyo tukajenga hivyo, labda warudi. Sijui kama wamerudi."

"Kwa hiyo mmefyeka uchafu wenu, mkaleta wa wenzenu."

"Ndiyo, Shangazi."

Shangazi Arletha aligonga sakafu kwa fimbo. Alinyoosha kidole kuelekea vizimba. Mbwa wakafunguliwa.

Walishuka wote, mikia juu, wakapita kati ya malundo. Wakanusa. Wakazunguka. Watu wazima, kina baba wenye wajukuu, walisimama wakitazama ncha za mabuti yao. Siagi alilia mara moja, akajirekebisha. Jaji aliinua mguu kwenye lundo la tatu. Kisha kimya, na kimya kikaendelea, hadi Dorsey akafungua folda na kukohoa.

"Mama, kuna baridi. Tukimaliza hili, tule, tuondoke."

"Nani anaruka?" aliuliza Shangazi Arletha.

"Kuruka wapi?"

"Juu ya malundo. Mbwa hawawezi kuingia humo. Sungura hatoki kwa kuombwa." Aliangalia zile fulana za rangi ya chungwa moja baada ya nyingine. "Mmekuja na bunduki zote hizi na hamna wa kuruka? Enzi zetu wavulana walipewa bunduki, sisi wasichana tulipandishwa kuruka juu ya malundo. Baba aliniita Ngumi, kwa jinsi nilivyoyatwanga. Nishike mkono, Vernell."

"Mama, nyonga yako," alisema Dorsey.

"Nyonga yangu imekuja na mimi."

Hakuna aliyethubutu kumzuia. Vernell alimshika kiwiko, Cleophus akainama, wakampandisha kwa mgongo wa Cleophus hadi juu ya lundo la kwanza, kofia ya manyoya na yote. Akampa Vernell fimbo. Akakusanya sketi. Akaruka. Neno kuruka hapa limetumika kwa ukarimu. Visigino vyake viliachana na matawi kwa unene wa kipande cha mkate. Lakini lundo lilitikisika, akaruka tena, na tena, akihesabu kwa kunong'ona kama msichana anayeruka kamba, na chini kabisa, kati ya magogo mawili, kitu cha kijivu kikachomoka.

Jaji alilia. Siagi akalia, safari hii kweli. Kisha wote.

Na hapo likatokea jambo ambalo ukoo wa Threadgill haukuwahi kuliona, vizazi vyote vya kuwinda, maana siku zote lilikuwa ndani ya miiba nao walikuwa wakilisikia tu. Waliona mzunguko. Shamba lilikuwa wazi hadi kijitoni, na sungura alilikata kwa duara kubwa, masikio yamelala mgongoni, na nyuma yake mbwa wote kwa mstari mmoja, kila mmoja na sauti yake, Jaji mbele kwa besi, Siagi katikati, wadogo nyuma wakipiga kelele za kuachwa. Alipita bwawani, bata wakaruka. Alipita nyuma ya trekta la Josephus. Akapinda, akaanza kurudi, na watu wote wakageuka pamoja naye, vichwa vyao vikizunguka polepole, midomo wazi. Hakuna aliyeinua bunduki. Mjomba mmoja alisikika akisema, "Kumbe ndivyo inavyokuwa," akatoa leso.

Sungura alirudi palepale alipoanzia. Akaingia chini ya lundo, chini ya miguu ya Shangazi Arletha, akatoweka. Mbwa walifika na kulizunguka lundo wakilia juu kwake kama waumini.

Dorsey alikuwa chini, folda wazi, kalamu mkononi, uso wake umekaa vibaya.

"Mama, shuka basi tuzungumze."

"Funga hicho kitu, Dorsey. Siuzi."

"Mama, tulikubaliana. Ukikuta—"

"Nimekuta. Siwezi kuzungumza habari za kuuza, nimesimama juu ya sungura."

Cleophus alikaa chini papo hapo kwenye chenga. Vernell alimwekea mkono kichwani. Bibi Ozella, kule barazani, aliwaambia watu wote kwa jumla kwamba siku zote alisema wifi yake ana moyo mzuri, na hakuna aliyempinga.

"Lile pale la pili," alisema Shangazi Arletha, akinyoosha kidole kutoka juu. "Lina wengi, ona Jaji anavyolitazama. Lakini mimi ni mwepesi. Lile linataka mtu mzito." Aliutazama ukoo wake wote, akaupima, kisha macho yake yakatua. "Dorsey."

"Mama, viatu hivi—"

"Panda."

Alimpa Cleophus folda amshikie. Alipanda kwa mikono na magoti, koti limeshikwa na miiba, fulana zote za rangi ya chungwa zikimtazama, akasimama juu akiyumba, mwanaume mzima mwenye ofisi na katibu.

"Sasa ruka, mwanangu," alisema mama yake. "Nimekulisha kwa ajili ya leo."

Dorsey aliruka. Lundo lilimmeza hadi kiunoni, na kwa chini, pande zote nne, sungura wakatoka.